Jicho liko njiani au ndani ya mashine?

Swali la wiki hii: mwajiri anaona nini hasa mfanyakazi anapotumia kompyuta na intaneti ya kazini, na mfanyakazi atajuaje?

Inategemea jicho limewekwa wapi. Wengi huogopa mtandao wa ofisi, kumbe programu iliyopachikwa ndani ya kompyuta yenyewe ndiyo inayoona zaidi.

Tuanze na mtandao. Tovuti nyingi sasa hutumia HTTPS, yaani data husafiri ikiwa imefungwa. Msimamizi wa mtandao anaona umeingia tovuti gani, saa ngapi, na umepakua data kiasi gani. Ukurasa uliousoma na maneno uliyoandika haoni. Jina la tovuti huvuja kwa sababu kompyuta huuliza kwanza anwani yake, kisha kivinjari hulitaja tena kinapobisha hodi kwenye seva, kabla mlango haujafungwa.

Mambo hubadilika ofisi ikiweka kifaa cha ukaguzi katikati. Kompyuta zote hupewa cheti cha kampuni, yaani hati ya kidijitali ambayo kivinjari huitumia kuthibitisha kinaongea na nani. Kifaa hufungua mawasiliano, huyasoma, huyafunga upya kwa cheti hicho na kuyapeleka mbele. Kivinjari hakilalamiki, maana kimeshaagizwa kukiamini cheti hicho. Kukagua ni kazi ya dakika moja: fungua tovuti yoyote, bofya alama iliyo kushoto kwa anwani, ingia kwenye maelezo ya muunganisho, kisha cheti, utazame kimetolewa na nani. Ukikuta mtoaji wa umma kama DigiCert au Let's Encrypt, hakuna aliyefungua njiani. Ukikuta jina la kampuni yako, au la muuza vifaa vya usalama kama Zscaler au Fortinet, basi yanasomwa. Jina la antivairasi lisikushtue sana, kwani baadhi yake hufanya hivyohivyo ndani ya kompyuta. Pima tovuti tatu au nne za aina tofauti. Vifaa hivi mara nyingi huagizwa visiguse benki, kwa hiyo anayepima kwa tovuti ya benki peke yake atajidanganya.

Programu ya ndani ya mashine haihitaji cheti. Inaweza kupiga picha ya skrini kila baada ya dakika chache, kurekodi vitufe unavyobonyeza, na kuandika majina ya madirisha uliyofungua na faili ulizonakili kwenye flashi. Yote hayo hufanyika kabla data haijafungwa. Ndiyo maana VPN, yaani huduma inayoficha data ikiwa safarini, haisaidii hapa: inalinda safari, na picha imeshapigwa kabla safari haijaanza. Hali fiche ya kivinjari (incognito) nayo huzuia tu historia kubaki kwenye kivinjari, basi.

Kuigundua ni kugumu zaidi. Kwenye Mac, mipangilio ya faragha na usalama huorodhesha programu zilizoruhusiwa kurekodi skrini na kufuatilia kibodi. Kwenye Chrome, andika chrome://management mahali pa anwani. Itakuambia kama kivinjari kinasimamiwa na viendelezi vya mwajiri vina ruhusa gani. Windows haina orodha ya wazi kama ile ya Mac, na programu inaweza kufichwa isionyeshe hata ikoni. Usipoona kitu, usihitimishe kwamba hakipo.

Kosa linaloumiza watu kuliko yote ni kuingia kwenye Chrome ya kazini kwa akaunti binafsi na kuwasha usawazishaji (sync). Nywila na historia ya nyumbani hushuka kwenye mashine isiyo yako. Hakuna aliyekupeleleza, umeyaleta mwenyewe.

Simu yako ikiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi huonyesha majina ya tovuti, saa na kiasi cha data tu, mradi hujakubali kusakinisha cheti cha kampuni. Ukiambiwa ukisakinishe ndipo upate Wi-Fi, tumia bando lako.

Kuhusu vile vifaa vya kuchezesha mausi ili uonekane upo: ni kupoteza pesa. Kishale kinachotembea saa nzima bila kitufe kubonyezwa wala dirisha kubadilika hujitangaza chenyewe kwenye ripoti. Lakini kipimo hicho nacho ni kibovu, kwa sababu anayesoma mkataba wa kurasa 40 huhesabiwa mvivu.

Waajiri husema, "Tulikwisha kataza matumizi binafsi." Katika kesi ya Bărbulescu dhidi ya Romania, kampuni ilikuwa imekataza hivyo, ikasoma ujumbe wa mfanyakazi kwa mchumba na kaka yake, kisha ikamfukuza. Tarehe 5 Septemba 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua, kwa kura 11 dhidi ya 6, kwamba haki yake ya faragha haikulindwa. Mahakama za Romania hazikuwa zimepima kama alielezwa mapema ukubwa wa ufuatiliaji na kwamba maudhui yenyewe yangeweza kusomwa. Kukataza ni jambo moja, kutaarifu kwamba utasoma ni lingine.

Kwa hiyo uliza kwa maandishi: mnakusanya majina ya tovuti au maudhui? Nani anaweza kuyafungua? Yanahifadhiwa muda gani? Ufuatiliaji unazimika saa za kazi zikiisha? Hilo la mwisho ni la kushikilia kwa mwenye kurudi nyumbani na kompyuta ya kampuni. Kama hauzimiki, zima mashine kabisa. Kuifunika tu kwa kushusha skrini hakutoshi: iliyounganishwa na skrini ya nje na umeme inaweza kuendelea kufanya kazi ikiwa imefunikwa.