Mchungwa wa urithi hukumbukwa msimu ukifika

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa warithi. Mzee kafariki, shamba limeota magugu miaka, wenyewe wako mjini na sasa wanataka machungwa. Haya.

Bwana shamba, shikamoo. Machungwa yetu ya Muheza bado ni ya kijani. Tuyachume tuyavundike kama ndizi? (Dar es Salaam)

Marahaba. Hili nimelijibu hadi nimechoka. Chungwa haliivi likishachumwa. Rangi yaweza kubadilika, utamu hauongezeki. Na ukijani wa ganda si ubichi. Usiku wa huku hauna baridi ya kutosha kuligeuza ganda, ndiyo maana chungwa la Muheza huliwa la kijani na ni tamu. Kata moja, onja. Likiwa bado kali, yaacheni mtini.

Mchungwa wa marehemu babu siku hizi unazaa malimau. Kuna mtu kaufanyia kitu? (Korogwe)

Mmeufanyia ninyi, kwa kutoufanyia kitu. Mche ule ulibebeshwa: shina la chini ni la mlimau, juu yake tawi la mchungwa. Machipukizi ya chini ya kiungo yasipokatwa hunyonya nguvu yote, mchungwa ukafifia, mlimau ukatawala. Fyekeni magugu mfike shinani, mtafute kovu: uvimbe mdogo, au mahali gome linapobadilika. Kilichoota chini yake kikateni hadi shinani, msiache kisiki. Mkikuta juu ya kovu hakuna tawi hai, basi huo ni mlimau. Ukubalini au mbebeshe upya. Mganga hana kazi hapo.

Tuangue kwa upembo au tutikise mti? (Tanga mjini)

Mkasi, ngazi na kapu. Kata ukiacha kikonyo kifupi. Ukivuta, ganda huchanika pale kikonyoni na uozo huanzia hapo hapo. Lililodondoka ulile leo, usilichanganye na ya kuweka. Na yale yaliyooza chini ya mti, ambayo mnayaruka tu mkipita? Humo ndimo inzi wa matunda wanamozaliana: funza hutoka, huingia ardhini, huibuka inzi, halafu msimu ujao mnaniandikia tena. Yaokoteni, myafukie shimo la nusu mita au zaidi. Na mkimuuzia mchuuzi mti mzima kwa mkupuo, simameni pale akivuna. Vijana wake huja na fimbo, wakavunja na matawi.

Ndimu zimezidi, zinaoza. (Pangani)

Achari. Zipasue nne bila kuziachanisha, zijaze chumvi, zipange kwenye chupa ya kioo, anika juani kila siku mpaka ganda lilainike, kisha tia pilipili. Sufuria ya alumini usiiguse, ukali wa ndimu huila. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kutoka nje: maji ya ndimu yakipigwa na jua juu ya ngozi huunguza na kuacha mabaka meusi.

Balungi linashusha presha? Mama anataka kuacha vidonge. (Mombasa)

Asiache. Tena amuulize daktari kabla ya kunywa hata glasi moja. Balungi huzuia mwili kuvunja baadhi ya dawa za presha na za kolesteroli, dawa ikazidi kwenye damu. Kuacha saa chache kati ya balungi na vidonge hakusaidii.

Mti umejaa maji moto, wale sisimizi wekundu wa mtini. Tupulize dawa gani? (Muheza)

Msipulize. Wanakula wadudu wengine. Vaeni mashati ya mikono mirefu.