Rangi Nyingi, Ukoo Mmoja

Nina saintpaulia (maua yaitwayo African violet) za rangi kumi na mbili barazani. Si utofauti wa kutosha kwa utafiti wangu wa shahada? (Arusha)

Hautoshi, na swali hili limenichosha. Saintpaulia nyingi za madukani ni uzao wa mimea michache iliyopelekwa Ujerumani kutoka Tanga na Usambara miaka ya 1890. Miaka ya 1920 wakulima wa Los Angeles walichagua aina kumi tu, na kwa mojawapo, Blue Boy, yakazuka mabadiliko ya rangi chungu nzima. Nanyi mnapandikiza kwa jani! Vyungu ishirini, mmea mmoja. Utofauti wenyewe uko kwenye miamba yenye kivuli ya Usambara, Uluguru, Nguru na Taita. Panda mlima.

Maikrosatelaiti, vile vipande vya DNA vya kupimia utofauti, hupatikanaje?

Unasoma mfuatano wa DNA, unatafuta vipande vinavyojirudia kama GAGAGA, unatengeneza praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili) za pande zote mbili, unanakili, kisha unapima urefu. Mmea huu una marudio tisa, ule kumi na manne. Hapo ndipo jasho huanza, maana praima nyingi hazitoi kitu, au hutoa jibu lilelile kwa kila mmea. Zitupe bila huruma. Majani yakaushe kwenye silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, siku hiyohiyo. Jani lililosafiri siku mbili kwa basi ndani ya mfuko ni mboga iliyochacha. Wala usichume yote kwenye mwamba mmoja, utarudi na mama na wanawe ukadhani umeleta kijiji.

RAPD, vile vipimo vya DNA vya praima za kubahatisha, bado zinafaa?

Maabara mbili, majibu mawili. Ziacheni.

Naweza kuazima praima za streptokapasi?

Jaribu. Tangu 2015 saintpaulia zimeingizwa kwenye jenasi hiyo (kundi la spishi zenye undugu) ya streptokapasi, kwa hiyo undugu upo. Ila praima ikishindwa kushika aleli moja (toleo moja la kipande hicho cha DNA), mmea wenye aleli mbili utaonekana una moja, nawe utatangaza kwamba ndugu wanazaana wao kwa wao. Makosa hayo nimeyasoma kwenye tasnifu zilizofaulu.

Kibali cha kuchuma cha nini, kwa majani matano tu?

Wewe matano, mwenzako matano. Saintpaulia ya Mbololo, Taita, makazi yake ni kilima kimoja tu. Kwa Tanzania anzia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kisha ukawaone wenye msitu kabla hujaingia. Tena matano ya nini? Kipande cha ukubwa wa ukucha kinatosha.