Kabla ya kushangilia koloni, uliza kama umeme ulikatika

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa biolojia hapa Bukavu aliniletea sahani ya agari, ile jeli ya kuoteshea vijidudu, ameifunga kitambaani kama abebaye mayai. "Yaya, zimeota!" Ndani mlikuwa na koloni saba, yaani marundo madogo ya seli, nyeupe, zimenona. Nikamwuliza: siku zile umeme haukukatika?

Swali hilo nililinunua ghali. Nilikuwa na chachu, levire ileile ya akina mama wauza mikate wa Kadutu, ila yangu ilitoka Ulaya ndani ya bahasha, imekaushwa juu ya karatasi ya kuchujia. Ilikuwa na kasoro kwenye jeni ya CDC48. Protini ya jeni hiyo huzishika protini zilizobandikwa ubikwitini, ile alama ya "hii ni ya kutupwa", huzikunjua, ndipo proteasomu, mashine ya seli ya kuvunja protini, huzikatakata. Sisi binadamu tunayo pacha yake, VCP. Ikiwa na hitilafu huweza kuleta ugonjwa wa misuli, wa mifupa na wa ubongo, wakati mwingine vyote kwa mtu mmoja. Ubikwitini yenyewe ina asidi amino (vipande vinavyojenga protini) 76, na yetu inatofautiana na ya chachu kwa 3 tu. Kwa hiyo anayeniuliza levire isiyo na ubongo itatufundisha nini, simjibu sana.

Chachu yangu iliota vizuri kwenye nyuzijoto 25, ikafa kwenye 37. Nikaiingizia plasmidi, yaani vipete vya DNA, zenye jeni mbalimbali, nikaiweka kwenye 37 nione ni jeni gani itakayoiokoa. Nikateremka Uvira kwenye matanga. Niliporudi, koloni thelathini na kitu! Wingi huo ulipaswa kunishtua, lakini furaha haina masikio. Wiki tatu nzima nilizitoa zile plasmidi na kuziingiza kwenye chachu mpya yenye kasoro ileile, na kila safari chachu ikafa. Mwisho sentineli wa jengo akanieleza, bila hata kuulizwa, kwamba nilipokuwa matangani umeme ulikuwa haupo tangu Alhamisi hadi Jumatatu. Na Bukavu kuna baridi, si kama Uvira: chombo cha joto kikizimika, kinapoa mpaka chachu mgonjwa inajiona nyumbani.

Sahani moja tu ya chachu ileile yenye plasmidi tupu, isiyo na jeni ya kujaribiwa, iliyokaa kando ya zile nyingine, ingeniambia yote siku ya kwanza. Sikuiweka. Nilikuwa nabana agari.

Siku hizi naweka pia kipimajoto cha bei ndogo kinachohifadhi joto la chini kabisa lililofikiwa. Na pale inapowezekana naanza na kanavanini, sumu. Hiyo hujifanya arjinini, asidi amino ya kawaida, inaingizwa ndani ya protini, nazo zinajikunja vibaya. Chachu nyingi zenye kasoro upande wa ubikwitini na proteasomu huzidiwa mapema kuliko chachu nzima, hapohapo mezani, bila kutegemea 37. Ila chakula chake kisiwe na arjinini, maana arjinini ikiwepo huishinda kanavanini na utaona zote zinaota. Kosa hilo nalo nimelifanya, mara mbili.

Nilimwomba yule mwanafunzi anionyeshe sahani yake ya plasmidi tupu. Akatazama chini.

"Agari ilikuwa imebaki kidogo, Yaya."

Kesho yake tulichemsha nyingine pamoja.