R50 au R7: swali la kijana wa Moshi anayepiga picha za harusi

Swali: Shikamoo kaka. Niko Moshi, Majengo. Huu ni mwaka wa pili namsaidia mpiga picha mmoja kwenye harusi na sendofu, natumia kamera yake. Nimejichanga, nataka ya kwangu. Nimekwama kati ya Canon R50 na Canon R7. Muuzaji anasema R7 ni ya mapro na picha zake zinaonekana tofauti kabisa, ila nikiichukua hiyo sibaki na hela ya lenzi. Halafu mjomba wangu ni dereva wa watalii, ameniahidi Septemba atanichukua Tarangire na Ngorongoro. Je, hiyo tofauti ya bei inaonekana kwenye picha? Na R50 itanitosha?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Nianze na huyo muuzaji, maana alichokuambia ni nusu kweli. R7 ni kamera ya juu, hilo halina ubishi. Ila hizo picha "tofauti kabisa" sizijui. Funga kamera zote mbili kwenye tripodi, lenzi moja, mwanga mmoja, mpige bibi harusi akiwa amesimama tuli, kisha mpelekee mama yake picha mbili za A4 achague. Atachukua ile ambayo binti kacheka vizuri.

Hesabu yake iko hivi. R50 iliyotoka 2023 ina megapikseli 24.2, na R7 ya 2022 ina 32.5. Pengo linatisha kidogo, lakini megapikseli ni eneo la picha nzima. Ukipima upana peke yake, ni pikseli 6000 kwa 6960, yaani umezidiwa asilimia 16. Kuchapa A3 kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli 4961 kwa 3508, na kamera zote mbili zinavuka hapo. Sensa zao, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, zote ni za kipimo kimoja kinachoitwa APS-C, kwa hiyo chenga za usiku ukumbini zitakaribiana. Fokasi nayo ni ya ukoo mmoja, ile Canon wanayoiita Dual Pixel CMOS AF II: inashika jicho la mtu, la mnyama, hata gari. Hapo R50 haikunyimwa kitu cha maana.

Sasa hela inaenda wapi? Sehemu kubwa inaenda kwenye mambo ambayo dukani huyaoni.

Chukua kupiga mfululizo. R50 inapiga picha 12 kwa sekunde, R7 inapiga 15 kwa shata yake ya kawaida. Ukiishia hapo utasema zimelingana. Lakini kamera ina tumbo, mafundi tunaliita bafa, ambamo picha zinasubiri zamu ya kuandikwa kwenye kadi. Ukipiga RAW, yaani faili ghafi na zito la picha, tumbo la R50 linajaa kwenye picha ya 7 hivi. Saba! Hiyo ni nusu sekunde na kidogo. R7 yenye kadi ya kasi inafika kama 51, zaidi ya sekunde tatu. Umeshaona ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, inavyoingia ukumbini: wanaume wanne wameibeba, majani mdomoni, wanacheza, matarumbeta yanapasua masikio, bwana harusi kainama mara moja tu kushika kisu. Wewe umeanza kubonyeza walipotokea mlangoni kwa sababu ya msisimko. Wakifika mezani R50 imejaa, inapiga kwa kudonoadonoa, na kisu kimeshapita. Dawa yake ipo, wala si ghali: ukumbini piga JPEG, au ile RAW iliyobanwa inayoitwa C-RAW, na ujifunze kusubiri. Mimi nilijifunza kusubiri kwa kamera mbovu kuliko zote hizo.

Tahadhari moja inahusu kamera zote mbili. R7 ina shata ya kielektroniki inayopiga picha 30 kwa sekunde, na wauzaji wanapenda sana kuitaja. Sensa yake inasomwa polepole, kwa hiyo ndege akipiga mbawa utampata kapinda kama kaungua, na chini ya taa za LED za ukumbini utapata michirizi. R50 nayo ina shata ya kielektroniki. Kwenye harusi iache, kwenye kamera yoyote kati ya hizo.

Jambo la pili ndilo linalonifanya nisimcheke mtu anayenunua R7. Ina sloti mbili za kadi, R50 ina moja. Kwenye R7 unaweza kuamuru kila picha iandikwe mara mbili, kadi hii na ile.

Zamani nilikuwa na kamera ya sloti moja. Harusi ya hukuhuku Arusha, kanisani salama, picha za bustanini salama, tukaingia ukumbini. Saa nne usiku, keki imekatwa, ndafu imekatwa, kamera ikaandika kwamba kadi haisomeki. Nikaitoa, nikaipuliza (usipulize kadi, mate yanaingia), nikairudisha. Ikasema ileile. Kazi yote ya siku nzima ilikuwa kwenye kadi hiyo moja. Baadaye kwa programu ya kuokoa mafaili nikapata picha za kanisani na vipandevipande vya bustanini. Za ukumbini hakuna hata moja. Nilirudisha hela yote, na nikaenda nyumbani kwao mwenyewe kumweleza mama wa bibi harusi. Hakunifokea. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, kama hata ile ya babu akicheza haipo. Babu alikuwa ametoka Rombo.

Kwa hiyo swali langu kwako ni moja: picha zikipotea, nani ataulizwa? Ukiwa msaidizi, mkubwa wako naye anapiga, zako ni nyongeza, na R50 inatosha bila wasiwasi. Siku utakayopokea malipo ya awali kwa jina lako, ukiwa peke yako, sloti mbili zinaacha kuwa anasa. Ikitokea ukapewa kazi ya peke yako kabla hujapata kamera ya sloti mbili, gawanya harusi kwenye kadi: ya kanisani itoke ikae mfukoni mwa shati lenye kifungo, ya bustanini vivyo hivyo, ukumbini uingie na mpya. Hutaokoa vyote, lakini hutapoteza vyote.

Turudi kwenye lenzi, maana hapo ndipo picha inapobadilika kweli. R50 huuzwa na lenzi ya 18-45mm, na ukiivuta mwisho inafunguka f/6.3 tu (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi). Ile ndogo ya RF 50mm inafunguka f/1.8. Gawanya 6.3 kwa 1.8, jibu lizidishe lenyewe kwa lenyewe: mwanga mara 12. Hakuna badiliko la mwili wa kamera litakalokupa mara 12 ndani ya kanisa lenye madirisha madogo. R7 ina kitu kingine cha kusaidia, sensa inayotulizwa ndani ya mwili, ambayo R50 haina. Inasaidia sana ukipiga madhabahu au maharusi wamekaa. Lakini inatuliza mkono wako wewe. Shangazi anayeserebuka hatulii kwa ajili yako, na kumshika utahitaji kasi kama 1/200 ya sekunde kwa kamera yoyote ile.

Kwa bei za kutangazwa Marekani zilipotoka, R50 na lenzi yake ilikuwa dola 799, RF 50mm dola 199, na R7 bila lenzi dola 1,499. Dukani kwetu utakuta nyingine, ila uwiano ndio huo: kwa hela ya R7 tupu unapata R50, lenzi mbili, na inabaki kama dola 500 ya fleshi, kadi nzuri na betri ya pili. Betri usiidharau. Ya R50, LP-E17, ni mAh 1040. Ya R7, LP-E6NH, ni 2130. Harusi ya Kichaga kuanzia saluni hadi saa sita usiku, betri moja ya R50 haitoboi.

Video, kwa ufupi: R50 inakata ikifika saa moja ya kurekodi, na haina tundu la kuchomeka spika za masikioni usikilize sauti. R7 inaendelea, na tundu ipo. Ibada zetu unazijua urefu wake.

Ushauri wangu, basi, kwa hali uliyonieleza: chukua R50, ongeza 50mm na fleshi, endelea kumsaidia mkubwa wako. Kazi za jina lako zikianza kuja, nunua R7 na R50 ibaki ya pili begani. Lenzi zitahamia bila shida kwa sababu mlango ni mmoja, RF. Betri ndizo hazitahamia. Na kama mkubwa wako ana lenzi za zamani za EF, muulize kama atakuachia moja. Kwa adapta ya EF-EOS R zinafanya kazi kwenye zote mbili, na fokasi inashika vizuri.

Ungekuwa umeniambia tayari una harusi tatu za Desemba za kwako peke yako, ningekujibu kinyume. Ningesema chukua R7, azima lenzi.

Sasa safari. Ngorongoro kreta gari haliruhusiwi kuacha barabara, kwa hiyo faru ukimwona ni kule mbali, na kwa 18-45mm atakuwa kokoto. Tafuta kuazima au kukodi RF 100-400mm. Kwenye sensa hizi inakuvutia kama 640mm ya kamera ya sensa kubwa (fremu kamili), na ina gramu 635 tu. Alfajiri itakutesa, maana mwisho wake ni f/8. Kubali ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, ipande.

Tarangire Septemba ni vumbi. R7 imezibwa dhidi ya vumbi na unyevu, R50 haikuzibwa, lakini hiyo 100-400mm nayo haikuzibwa, kwa hiyo ukiwa na R7 utakuwa umefunga mlango na dirisha liko wazi. Usibadilishe lenzi gari likitembea, na kamera ifunike kwa kanga kila mnapopishana na gari jingine. Pale Mbuyuni mshoneshe fundi kamfuko ka kitambaa kigumu chenye zipu, kajaze maharage robo tatu, ukalaze ukingoni mwa paa la gari, lenzi iketi juu yake. Na mwombe mjomba azime injini kabla hujabonyeza.