Ukitaka kuhamia programu huria, kompyuta iache kwanza

Kila anayenifuata kuulizia programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuurekebisha, hapa Tanga huanza na swali lile lile: "Nipige Linux gani?" Linux ni mfumo huria wa kuendesha kompyuta, unaokaa mahali pa Windows. Mimi huwajibu jambo linalowakera: kompyuta iache kama ilivyo, tuanze na faili zako. Kinachomfunga mtu kwa kampuni fulani si mashine. Ni mahesabu ya duka ya miaka yaliyomo kwenye apu isiyo na njia ya kuyatoa, ni picha za watoto zilizoko kwenye akaunti ambayo nywila yake aliiweka fundi wa simu na hakuna anayeikumbuka. Hata ukipiga mfumo mpya kesho asubuhi, vitu hivyo vitabaki huko huko.

Ndiyo maana kabla sijaizoea programu yoyote, ya bure au ya kulipia, huria au isiyo huria, natafuta kwanza mahali pa kutolea vitu. Inanipa CSV (jedwali la maandishi matupu), PDF, JPEG, au muundo wowote ambao programu nyingine inaufungua? Basi tutakaa, maana siku nikichoka naondoka na vyangu. Haitoi? Hapo mimi ni mpangaji asiye na mkataba.

Ninachowaanzishia watu ni LibreOffice, programu huria ya kuandikia na kufanyia mahesabu kama Word na Excel, na unaiweka humo humo kwenye Windows yako. Haigombani na Word, zinakaa pamoja. Historia yake yenyewe inatosha kukuonyesha uhuria una faida gani. Mwaka 2010 Oracle iliinunua Sun, kampuni iliyokuwa ikisimamia OpenOffice. Watengenezaji wengi wa programu hiyo hawakuridhika na ilikokuwa inaelekea, na kwa kuwa msimbo wake ulikuwa wazi, mwaka huo huo waliuchukua wakaendelea nao kwa jina la LibreOffice. Sisi watumiaji faili zetu zikaendelea kufunguka kama kawaida. Na kabla ya hapo, mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulishatoa Jambo OpenOffice, menyu zake zikiwa kwa Kiswahili, bila kumpigia mtu magoti.

Kasheshe iko steshenari. Umeandaa ratiba ya harusi nyumbani, umeipeleka kwa flashi, wanaifungua kwa Word: safu zimehama, jina la bwana harusi limedondokea ukurasa wa pili. Mwenye steshenari atakwambia hiyo programu yako ya bure ndiyo tatizo. Mara nyingi tatizo ni fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft. LibreOffice ikizikosa huweka Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana ule ule, kwa hiyo mistari haihami. Lakini ukitumia fonti ya mapambo uliyoipakua mwenyewe, na mashine ya pale haina, itawekwa nyingine yenye upana wake na maneno yataanza kusukumana. Dawa yake ni ndogo. Kinachokwenda kuchapwa kitoke nyumbani kikiwa PDF. Kitufe chake kipo juu pale pale, karibu na cha kuhifadhi. Cha mtu atakayekirekebisha, mpe DOCX, muundo wa Word. Cha kwako cha kuweka kiwe ODT, muundo wa LibreOffice uliopitishwa na ISO tangu 2006. Nimeona watu wakirudi kwenye Word ya kukreki kwa sababu ya fonti tu, na inaudhi.

Baada ya hapo nina utaratibu mmoja: hama kwanza kwenye mambo yanayokuhusu wewe peke yako. Yanayohusu watu wengine yaje mwisho, au yasije kabisa. Ukitumia Firefox, ukitazama video kwa VLC, ukiweka nywila zako ndani ya KeePassXC, hakuna hata atakayejua umehama. Meseji ni habari nyingine. Shangazi yangu ni mhazini wa kikoba cha akina mama Makorora, nikamweleza sifa za Signal, apu huria ya meseji. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, wenzangu wote wako WhatsApp. Huko nitaongea na nani, na wewe?"

"Kwa sasa ni mimi tu, shangazi."

Alicheka sana, na hana makosa. Mazungumzo ya WhatsApp yenyewe yanafungwa yasisomwe na mtu wa kati, kwa mbinu iliyotoka Signal. Kampuni bado inaweza kujua nani anawasiliana na nani na saa ngapi, ila kwa kikoba hilo si la kuvunjia kundi. Kilichonisumbua mimi ni mahesabu kukaa ndani ya meseji: nani kanunua hisa, nani kakopa, yote yakitegemea simu moja isidumbukie kwenye ndoo ya maji. Tukayahamishia Calc, jedwali la mahesabu la LibreOffice. Hisa zina safu yake, mikopo yake, marejesho yake, na mwisho wa mwezi shangazi anatoa PDF anaitupia kwenye kundi lile lile la WhatsApp. Wenzake hawajui LibreOffice ni nini wala hawana haja ya kujua.

Kwenye simu, anza na ramani. Organic Maps unaipakulia ramani ya Tanzania mara moja kwenye Wi-Fi ya mtu, halafu inakuelekeza bila kula bando. Panda Amani kutokea Muheza uone mtandao unavyopotea, ndipo utaipenda. Data zake zinatoka OpenStreetMap, iliyoanzia Uingereza mwaka 2004, na yeyote anaweza kuzirekebisha. Kichochoro cha kwenu Ngamiani hakimo? Kiongeze. Mji wenye baiskeli kama huu tungeshaumaliza siku nyingi kama si uvivu, na hapo najisema na mimi.

Kubadili mfumo mzima wa simu sikushauri kama simu unayo moja. LineageOS, mfumo huria wa Android unaowekwa mahali pa ule wa kiwandani, ni nzuri, lakini Tecno, Infinix na itel tunazonunua hapa ni nadra kuzikuta kwenye orodha yake, na baadhi ya apu za benki hugoma kufunguka kwenye mfumo uliobadilishwa. Simu iliyobeba pesa zako si ya kujaribia.

Sasa Linux. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) pamoja na prosesa ambayo, kwa Intel, kwa kawaida ni ya kuanzia kizazi cha nane. Laptopu nyingi za mtumba hazifiki huko. Fundi atakupigia ya kulazimisha, na kreki juu yake, na antivairasi ataizima ili kreki isikamatwe. Laptopu hiyo hiyo ikiwa na RAM ya GB 4 inaibeba Linux Mint, moja ya aina za Linux, ile yenye sura nyepesi ya Xfce, bila kulalamika. Tena wale virusi wa flashi wanaogeuza folda zote kuwa shotikati wameandikiwa Windows. Kwenye Mint unaziona folda zako na unazinakili.

Usifute kitu bado. Washa Mint kutoka kwenye flashi uitumie hivyo hivyo bila kuisakinisha. Jaribu sauti na kamera, funga kifuniko uone kama inaamka, chomeka printa (za HP huwa hazisumbui). Wi-Fi ikikataa, huenda kadi yake ni ya Broadcom: unganisha simu kwa waya wa USB, gawa intaneti, fungua Driver Manager ya Mint ikutafutie kinachokosekana. Na kama riziki yako iko kwenye AutoCAD au Photoshop, baki Windows, usihame ili kunifurahisha mimi.

Jambo moja wasemaji wa programu huria hulipita haraka: huku hakuna wa kumpigia simu akurudishie nywila. Ukisahau nywila kuu ya KeePassXC, zilizomo ndani zimekwenda. Iandike kwenye karatasi, iweke pamoja na hati ya kiwanja. Faili zako ziwe na nakala kwenye diski ya nje, na nyingine nyumba tofauti, kwa mama au kwa ndugu. Na fundi akikusakinishia Mint, akuachie ile flashi ya kuwashia, na nywila uiandike wewe, yeye akiwa ameangalia pembeni.