Ugonjwa ama tabia? Barua kwa mwanangu

Mwanangu Achieng',

Ujumbe wako nimeusoma, nikaurudia. Unasema mtoto aliangusha sufuria, Baba Tony akapasua mlango wa kabati kwa ngumi, kisha akaketi nje hadi alfajiri bila kusema neno. Unaniuliza: hasira hizi ni ugonjwa aliotoka nao Somalia, ama ndiyo tabia yake? Nitakujibu kama mama, na pia kama nesi mstaafu aliyezeeka hapa Lanet katikati ya familia za wanajeshi.

Tuanze na sufuria. Mtu akikaa miezi kambini akingoja kushambuliwa, mwili wake huzoea kwamba kishindo ni kifo. Vijana wetu waliingia Somalia Oktoba 2011, na baada ya kambi yetu ya El Adde kushambuliwa, Januari 2016, sidhani kuna aliyekuwa kule akalala fofofo. Sasa amerudi. Akili inajua yuko nyumbani Mamboleo, mwili haujui. Moyo unaenda mbio, misuli inakaza, ngumi inatoka kabla hajafikiri, kama mbwa wa ulinzi anayemrukia hata mwenye boma gizani.

Madaktari wa Marekani waliupa ugonjwa huu jina la PTSD, yaani msongo wa akili unaobaki baada ya tukio la kutisha, mwaka wa 1980, baada ya vita vya Vietnam. Mgonjwa hurudishwa kwenye tukio kwa ndoto na kumbukumbu, hukwepa chochote kinachomkumbusha, hufa ganzi moyoni, na hubaki macho muda wote: anashtuka ovyo, halali, analipuka kwa hasira. Kwa hiyo hasira imo kabisa kwenye orodha ya dalili. Uliniambia hata kanisani lazima akae mahali anapouona mlango, na kwamba soko la Kibuye siku ya Jumapili hakanyagi. Hilo limenishtua kuliko kabati lako.

Lakini kuwa na hasira si kupiga watu, na hapa ndipo wengi wanawaonea wanajeshi. Kuna uchunguzi uliofanywa Marekani kwa waliopigana Iraq na Afghanistan. Katika mwaka mmoja, wasiokuwa na PTSD wala shida ya pombe, kama 5 kati ya 100 walifanya ukatili mkubwa. Wenye PTSD peke yake, kama 10. Wenye PTSD na pombe pamoja, karibu 36. Soma tena hiyo ya mwisho. Hukuniambia kama anakunywa, na nakujua, usiposema jambo huwa lipo.

Kuhusu tabia, Waingereza nao walifuatilia wanajeshi karibu 14,000, wakachapisha matokeo 2013. Vita vilichangia, pombe ikachangia, PTSD ikachangia. Lakini waliokuwa na rekodi ya ukatili kabla ya kuandikishwa ndio waliokuwa katika hatari zaidi ya kuurudia. Basi muulize dada yake, polepole, Baba Tony alikuwa mtu wa namna gani kabla ya jeshi. Na umwangalie kazini. Kama bosi wake anamfokea naye anajizuia vizuri, kisha anakuja kuvunjia wewe vitu, nitakuwa na wasiwasi wa aina nyingine. Hicho si kipimo cha hospitali, ni macho ya mwanamke mzee.

Mimi ni mama mkwe, unajua mila zetu. Siwezi kuketi na mkwe wangu nikamuuliza ndoto zake. Nimeongea na mjomba wako aliyestaafu jeshini, atapanda matatu aje huko Jumamosi. Mwanajeshi humsikiza mwanajeshi. Nimemwonya asimguse kwa habari ya hasira, aanze na usingizi. Mwanaume atakataa kuwa ana wazimu, lakini kwamba halali atakubali, na huo ni mlango wa kutosha wa kumfikisha hospitali. Mwende hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile tunayoiita Russia, muulizie kliniki ya akili. Matibabu yenyewe hasa ni mazungumzo: anasaidiwa na mtaalamu kulisimulia tukio na kulipitia tena, wiki baada ya wiki, mpaka lipungue makali. Wengine hupewa pia dawa kama setralini, ambayo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, kwa hiyo asiiache siku ya tano akisema haifai.

Valium, zile dawa za kutuliza, za kununua kwa kemisti sizitaki nyumbani kwako. Haziponyi PTSD, zinamzoesha, na zikikutana na pombe zinaweza kumzimia pumzi usingizini.

Akianza kupiga kelele usiku, usimtikise. Simama upande wa miguuni, mbali na mikono yake, washa taa, umwite kwa jina lake. Tony alale chumba kingine kwa sasa.

Na siku atakayokupiga wewe au mtoto, swali lako la ugonjwa ama tabia liweke kando kwanza. Toka. Namba ya bure ya kuomba msaada ukipigwa ni 1195, na tangu 2015 kuna sheria inayomruhusu hakimu kutoa amri ya kumzuia mtu asikukaribie, hata kama ni mumeo. Mgonjwa anaweza kutibiwa mkiwa nyumba mbili tofauti. Wapo niliowaona wakirudiana baadaye, wapo ambao hawakurudiana.

Weka vitambulisho, kadi ya kliniki ya Tony na nauli mahali pamoja, si kwenye kabati lile. Mjomba akifika mpikie, kisha mtoke wewe na mtoto muende kwa jirani, muwaachie nyumba wazungumze. Akikubali kwenda hospitali nipigie, nitatuma pesa. Akikataa nipigie pia.

Mama yako,
Lanet, Nakuru