Kengele ya pampu ya akwariamu umeme ukikatika

Mkuu umeuliza kama plagi ya waifai itakujulisha pampu ya akwariamu yako ya furu (samaki wadogo wa Ziwa Victoria) ikizima. Hapana, hiyo plagi haitakutumia meseji umeme ukikatika, maana yenyewe na rauta vinazima pamoja na pampu. Unahitaji moduli ya GSM (kifaa kidogo kinachotumia mtandao wa simu) kama SIM800L, yenye betri na laini yake, inatuma SMS bila intaneti, ila ipe betri yenye nguvu kwa sababu ikiwasiliana na mnara inaweza kuvuta mpaka ampea 2 kwa muda mfupi, betri ikiwa dhaifu moduli inazima na kuwaka yenyewe. Pia ni ya 2G tu (mtandao wa simu wa zamani), hakikisha laini yako inashika 2G hapo ulipo.

Nafunga hizi kwenye matanki ya vifaranga vya sato huku Ilemela, Mwanza, na kitu watu wanasahau ni kwamba pampu inaweza kuwa na umeme na isisukume maji, feni ya ndani imekwama na uchafu, kwa hiyo sensa iwe ya mtiririko kwenye bomba, sio ya umeme peke yake.

Halafu SMS haiokoi samaki kama uko Nyegezi na tanki liko Igoma. Weka rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayowasha yenyewe pampu ya hewa ya betri ya volti 12 umeme ukiondoka, usicheleweshe hii tafadhali, maji ya joto yanabeba oksijeni kidogo na sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, inapungua zaidi, hao furu wako wakibanana hawana muda mrefu.